Mji kwa Jicho la Mnunuzi: Masimulizi ya Wasafiri wa Biashara wa Bwera na Insha ya Safari

Kila mwalimu wa Kiswahili anaijua insha ya safari. Humpa mwanafunzi kichwa cha habari, kwa mfano "Safari yangu ya mji mkubwa", na mwisho wa juma hupokea madaftari arobaini yenye mji mmoja. Mji huo una majengo marefu yanayogusa mawingu, magari mengi kama siafu, taa zinazougeuza usiku kuwa mchana, na msafiri aliyebaki kinywa wazi. Jina hubadilika, mara London, mara New York, mara Dubai, lakini mji ni ule ule. Katika madaftari niliyosahihisha mjini Kasese, mwanafunzi mmoja aliandika kwamba alipofika London aliona theluji kwa mara ya kwanza maishani mwake. Sentensi yake haikuwa na kosa la sarufi. Lakini mtoto huyo amezaliwa chini ya Rwenzori, mlima ambao kilele chake cha Margherita kina urefu wa mita 5,109, na ambao theluji yake ina jina katika lugha ya mama yake: nzururu. Asubuhi chache ambazo mawingu huondoka, theluji hiyo huonekana kutoka uwandani. Nilimpa alama zake, kisha nikajiuliza ni nani aliyemfundisha asiione.

Makala haya yanakusudia kuchunguza masimulizi ya aina nyingine kuhusu miji ya mbali, masimulizi ambayo husikika katika wilaya hiyo hiyo ya Kasese bila ya mtu yeyote kuyaita fasihi. Nayo ni masimulizi ya wafanyabiashara wa Bwera wanaosafiri mara kwa mara kwenda ng'ambo kununua bidhaa. Hoja yangu ni kwamba masimulizi haya ni nathari ya Kiswahili yenye thamani. Kwamba yana nasaba ya zaidi ya miaka mia moja katika maandishi ya lugha yetu. Na kwamba yana kasoro moja kubwa, ambayo nasaba hiyo hiyo inaweza kutusaidia kuirekebisha.

Yafaa kwanza tuyaeleze mazingira yanayoyazaa. Bwera ipo mpakani, upande wa Uganda. Pale Mpondwe mto Lhubiriha unaitenga nchi hii na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na ukivuka unaingia Kasindi, kwenye njia iendayo Beni na Butembo. Bakonzo wa upande huu na Banande wa upande ule ni jamaa, na lugha zao karibu ni moja. Lakini mnunuzi atokaye mbali, dereva wa lori na wakala wa forodha huhitaji lugha nyingine, na lugha hiyo ni Kiswahili. Wafanyabiashara wa Butembo wamejulikana kwa miaka mingi kwa safari zao za Ghuba na Asia ya Mashariki, na baadhi ya wenzao wa Bwera na Kasese wakaifuata njia hiyo. Arudipo msafiri, huketi dukani kwake, na watu huja kumsikiliza. Wengine walichanga naye fedha za kontena. Wengine wanakusudia kusafiri msimu ujao.

Jambo hili la wasikilizaji ni la msingi kwa mhakiki. Mwanafunzi anapoandika kuhusu London, hakuna atakayepoteza senti moja kwa uongo wake. Msafiri wa Bwera anaposema kwamba kitu fulani hupatikana katika mtaa fulani kwa bei fulani, mtu aliyeketi mbele yake ataweka akiba yake juu ya neno hilo. Huyo ndiye msikilizaji mkali kuliko mwalimu yeyote, na ukali wake umeiunda fani yenyewe.

Nimepata kusikiliza masimulizi kadhaa ya namna hii, na nitachukua ya mzee mmoja ambaye sitamtaja jina. Miji yake ni mitatu. Dubai kwake si mnara wowote. Ni Deira, upande mmoja wa hori, na Bur Dubai upande wa pili, na mashua iitwayo abra inayovusha watu baina yao. Yeye alivuka kwa dirhamu moja. Msikilizaji anaelezwa lililo upande gani, saa gani maduka hufungwa kwa ajili ya jua kali, na kwa nini ni kosa kununua siku ya kwanza kabla ya kuuzunguka mtaa wote. Guangzhou kwake ni mtaa wa Xiaobei, ambako Waafrika wengi walizoea kukutana, na maonyesho makubwa ya biashara ambayo yamekuwa yakifanyika mjini humo tangu mwaka 1957, majira ya kuchipua na majira ya kupukutika. Anaeleza jinsi mnunuzi na muuzaji wasio na lugha ya pamoja wanavyopatana. Muuzaji huandika bei katika kikokotoo na kukisukuma mbele. Mnunuzi hufuta, akaandika yake, akakirudisha. Na kikokotoo kikaenda na kurudi juu ya meza mpaka mmoja wao akacheka. Istanbul kwake ni Laleli, mahali pa nguo, ambako hununui shati moja bali fungu la saizi zote, hata zile ambazo hakuna mtu wa kuzivaa Bwera.

Na Istanbul hiyo hiyo ndiyo iliyonikumbusha daftari la mwanafunzi wangu. Mzee alifika huko wakati wa baridi, na theluji ikaanguka. Hakusema kwamba alishangaa. Alisema kwamba nzururu ilishuka mpaka barabarani, mizigo yake ikakwama siku mbili, naye akalipa hoteli siku mbili zaidi, na kwamba atakayekwenda mwezi wa Januari na aziweke kabisa fedha za siku hizo mbili. Hapa pana yote tunayoyatafuta katika insha tusiyapate. Jambo geni limepimwa kwa kipimo cha nyumbani, limeonyeshwa kwa matokeo yake, na limeachwa hapo hapo bila ya kupambwa.

Tukiichambua fani hii, tunaona nguzo tatu. Ya kwanza ni upimaji: kila kitu kina idadi, umbali, muda au bei. Ya pili ni mpangilio: mji huelezwa kwa utaratibu wa mtu anayeutembea, kutoka uwanja wa ndege hadi chumba cha kulala, hadi soko, hadi bohari ya mizigo, haurukwi kutoka juu kama unavyorukwa katika insha zetu. Ya tatu ni kiasi cha maneno: sifa ni chache, vitenzi ni vingi. Mzee huyu hakusema hata mara moja kwamba mji fulani ni mzuri. Alisema mtu hufanya nini ndani yake.

Baadhi ya walimu watasema kwamba haya ni mazungumzo ya dukani tu, wala hayawezi kulinganishwa na nathari iliyoandikwa. Na tuitazame, basi, nathari yetu ya zamani. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha huko Göttingen mkusanyo uitwao "Safari za Wasuaheli". Humo mna safari ya Selemani bin Mwenye Chande ya kwenda bara, na hiyo ni safari ya biashara: bidhaa, hongo, njaa, njia, na watu wanaouza chakula au wanaokataa kukiuza. Mwaka mmoja baadaye Heinrich Brode alianza kuyachapisha maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yaliyosimuliwa na mwenyewe. Msomaji anayeifungua habari hiyo akitarajia mandhari ya misitu na mito atasikitika. Atakuta pembe kwa frasila, mikopo, bei ya Unguja na bei ya bara, na siku za mwendo. Kasongo na Nyangwe zinaonekana kwa jicho la mnunuzi kama vile Guangzhou inavyoonekana kwa jicho la mzee wa Bwera. Na tusisahau kwamba Kiswahili kinachozungumzwa leo mashariki ya Kongo, ambacho upepo wake unavuma hadi Mpondwe, kilipata njia pamoja na misafara ya aina hiyo. Kwa hiyo jicho la mnunuzi si jambo la kigeni katika fasihi yetu. Ni mojawapo ya macho yake ya kwanza.

Hata hivyo mhakiki hatakiwi kuishia katika kusifu nasaba. Nasaba hiyo ina aibu yake, na hapana budi tuiseme. Tippu Tip alikuwa mfanyabiashara wa pembe na wa watumwa. Katika masimulizi yake meno ya tembo hupimwa kwa uangalifu mkubwa, lakini watu walioyabeba mara nyingi ni hesabu tu: wamekuja kadha, wametoroka kadha, wamekufa kadha. Lugha ya bei inaweza kusema kweli tupu kuhusu kila kitu isipokuwa mtu. Hilo si kosa la ulimi. Ni kosa la jicho lililozoea kuuliza swali moja tu. Hivyo anayeusifu upimaji, kama nilivyousifu mimi hapo juu, analazimika kuuliza ni nini kisichopimwa.

Nikirudi kwa mzee wetu na kumsikiliza upya, naona kwamba miji yake mitatu ina maduka, mizani, vyumba na mashua, lakini haina watu. Hatujui ni nani aliyelishona lile fungu la mashati. Vijana wanaovusha mizigo mgongoni pale Mpondwe, ambao bila ya wao kontena la Guangzhou lisingefika Butembo, hutajwa kama gharama baina ya gharama. Na mtu mmoja amekosekana kabisa: msafiri mwenyewe. Katika kila mji yeye ndiye anayetazama. Hakuna mahali anapotazamwa.

Nilimwuliza kuhusu mwaka 2020. Itakumbukwa kwamba mwezi wa Aprili mwaka huo, wakati wa ugonjwa wa korona, Waafrika wengi waliokuwa Guangzhou walifukuzwa katika nyumba za kupanga na hoteli, na mabalozi wa nchi za Afrika wakalalamika kwa serikali ya China. Mzee alinyamaza kwanza. Kisha akanieleza kwamba alikuwa huko. Alitolewa katika chumba alichokuwa amekilipia, akalala usiku mbili nje, chini ya daraja la waendao kwa miguu, na begi lake akalifanya mto. Siku ya pili mwanamke mmoja, ambaye alikuwa amenunua taa kwake kwa miaka sita, alimwona, akaenda akarudi na wali katika kopo. Wakakaa kimya, kwa kuwa lugha yao ilikuwa kile kikokotoo, na siku hiyo hapakuwa na bei ya kuandika. Mzee akaniambia: "Mwalimu, bei zake zote nazikumbuka mpaka leo. Jina lake sikupata kumwuliza."

Nikamwuliza kwa nini sehemu hiyo haisimulii dukani. Alijibu kwamba mtu aliyelala chini ya daraja hakopeshwi. Jibu hili linafaa kuzingatiwa, maana linaonyesha kwamba pengo katika masimulizi yake halikutokana na uhaba wa ufundi. Heshima ya mfanyabiashara ni sehemu ya mtaji wake, na masimulizi yake yanailinda heshima hiyo kama kufuli linavyolinda duka. Jamii inayomsikiliza inamtaka arudi akiwa mshindi. Hata hivyo maneno machache aliyonieleza pembeni yalizidi kwa ubora yote aliyoyasema mbele ya watu. Upimaji ulikuwa ule ule, usiku mbili, miaka sita, kopo moja. Lakini sasa vipimo vilikuwa vinampima yeye.

Na hapa ndipo mkusanyo ule wa mwaka 1901 unapoweza kutufundisha. Humo mna pia safari ya Salim bin Abakari, Mngazija, ambaye mwaka 1896 alifuatana na bwana wake Mjerumani, Dk. Bumiller, kupitia Urusi hadi Siberia na Asia ya Kati. Salim hakuwa mfanyabiashara, alikuwa mtumishi. Lakini jicho lake ni kali na lina utaratibu kama la mfanyabiashara yeyote: hutaja miji, vyakula, mavazi, namna ya kusafiri, na desturi za watu. Zaidi ya hayo, hafichi kwamba katika nchi ambazo mtu mweusi hakuwa ameonekana, watu walikusanyika kumtazama yeye. Anawatazama wanaomtazama, na msomaji anawaona wote wawili. Kwa njia hiyo mji wa kigeni unakuwa mahali pa watu, na yeye anakuwa mtu ndani yake. Pengine hali yake ya utumishi ilimsaidia, kwa kuwa hakuwa na duka la kulinda. Vyovyote iwavyo, miaka mia na zaidi iliyopita nathari ya Kiswahili ilikwisha kutupa mifano yote miwili: jicho linalohesabu, na jicho linalokubali kuhesabiwa. Insha bora ya safari inayahitaji macho yote mawili.

Limebaki suala la lugha, ambalo kwa walimu wa magharibi ya Uganda si dogo. Mzee wetu husema "batu" badala ya watu na "bintu" badala ya vitu, kama wasemavyo wenzake wa ng'ambo ya Lhubiriha. Mwanafunzi anayemsikiliza atayaandika hivyo hivyo, na kalamu nyekundu itayakata. Sisemi isiyakate. Kiswahili sanifu ndicho tunachofundisha, na mtoto wa Bwera ana haki ya kukijua sawa na mtoto wa Tanga. Lakini tujihadhari tusikate na kilichomo. Katika sehemu nyingi za Uganda Kiswahili kimebeba kumbukumbu ya kambi za jeshi, na amri ya mwaka 1973 iliyokitangaza kuwa lugha ya taifa, iliyotolewa na utawala wa kijeshi, haikuifuta kumbukumbu hiyo. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ili kukifanya lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Amri na maamuzi yanaweza kuleta vitabu na vipindi. Hayawezi kuleta mtu anayezungumza lugha hiyo kwa sababu ana jambo la kusema. Mtu huyo Bwera yupo tayari. Mwanafunzi akiambiwa kwamba Kiswahili cha jamaa yake dukani ni makosa matupu, ataamini kwamba Kiswahili safi ni kile cha majengo yanayogusa mawingu. Ndivyo tulivyoipata theluji ya London.

Kutokana na hayo napendekeza mambo matatu kwa walimu wenzangu. La kwanza, insha ya safari ianze na kusikiliza. Mwanafunzi amwendee mtu aliyesafiri kweli, awe mfanyabiashara, dereva au mchukuzi wa mpakani, aandike alichoambiwa, kisha akisanifishe bila ya kupoteza kipimo hata kimoja. La pili, baada ya kuandika bei na njia, aulize maswali mawili ambayo dukani hayaulizwi: nani alikutazama, na hukumjua nani jina? La tatu, mwanafunzi atakiwe kuuandika mji wa kwao kama mgeni anayekuja kununua. Kasese inatosha kwa kazi hiyo. Ina kituo cha reli iliyofika mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, reli ambayo baadaye ilinyamaza, na mgodi nao ukasimamisha kazi. Ina chumvi ya Katwe, inayovunwa na watu wenye migongo na majina. Mtoto atakayeweza kumweleza mgeni kwa nini kituo kipo na gari moshi halipo, ni nani aliyeondoka na ni nani aliyebaki, hatapata taabu kuieleza Guangzhou siku atakapofika huko.

Nilimrudishia yule mwanafunzi daftari lake na kumwomba aiandike upya sentensi moja tu, ile ya theluji. Aliniuliza kama anaruhusiwa kutumia neno la Lhukonzo katika insha ya Kiswahili. Nilimwambia alitumie, kisha alieleze. Naomba walimu wengine, hasa wa shule za mpakani, watuandikie katika kurasa hizi jinsi ambavyo wangelijibu swali hilo, na watuletee masimulizi ya wasafiri wa sehemu zao kabla ya wenyewe kuzeeka na kuondoka nayo.